Sentensi ya Sepetu

Kuna sentensi moja ambayo mwalimu wangu wa Kifaransa aliiruka, na mpaka leo nina hasira. Sentensi yenyewe haikuwa na kosa. Ilikuwa pale kwenye karatasi, imepigwa chapa kwa wino wa zambarau unaonuka spiriti, na kila mwanafunzi aliyekuwa na macho angeweza kuisoma. Yeye aliisoma hadithi yote kwa sauti mbele yetu, polepole, akitembea kati ya madawati, na alipofika pale akapita kama mtu anavyopita juu ya maji machafu asichafue viatu.

Nimekuwa mtu mzima, nimezika watu wengi, na wanaonijua wanasema mimi ni mpole. Kwenye kilio mimi ndiye ninayekaa pembeni, sipigi kelele, naosha sahani. Basi watashangaa kusikia kwamba ninaungua ndani kwa ajili ya insha ya shule. Acha washangae.

Mwaka ule baba alikuwa amekufa. Alikuwa mfanyakazi wa tanuri kwenye kiwanda cha shaba, lizini kama tunavyosema sisi, na kifua chake kilianza kumsumbua zamani. Alikohoa, akaendelea na kazi, akakohoa, akaendelea, mpaka siku moja hakuendelea. Tulikaa kambini, kwenye nyumba ya kampuni, na mimi nilisoma sekondari ya kampuni. Desturi yao ilikuwa hivi: mtoto wa mfanyakazi aliyekufa anaendelea kusoma bure, ilimradi asianguke. Akirudia mwaka, basi. Nafasi yake inakwenda kwa mtoto wa mtu aliye hai.

Jambo hili mama alinieleza siku tulipotoka kilio, nywele zake zikiwa bado zimenyolewa. Hakulieleza kwa maneno mengi. Alisema, "Usianguke." Mimi nilitaka kuwa mwalimu. Baba alitaka hivyo pia, na alikuwa amewaambia wenzake kazini mapema mno, kiasi kwamba wengine waliniita Madamu nikipita na ndoo ya maji. Kwa hiyo neno lile, usianguke, lilikuwa na uzito wa watu wawili, mmoja mfu.

Nikisema habari za insha bila kusema habari za kilio cha baba, nitakuwa nimedanganya. Vitu hivyo viwili haviachani.

Baba alikuwa wa ukoo wa Mbuzi. Watu wa kwetu, upande wa Lukafu, wanajua maana yake: wa ukoo wa Chui ni watani wake. Kiswahili cha vitabu kinasema watani, baba alisema banungwe. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na huna ruhusa ya kukasirika. Ukifa, mtani ndiye anayeshika maiti yako, ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayelifukia. Na wakati wote huo anacheka. Asipocheka, watu watasema marehemu alizikwa kama mbwa.

Baba alikuwa na mtani mmoja hasa, mtengeneza baiskeli wa Katuba, mtu mwembamba mwenye mikono myeusi ya mafuta. Alifika kwetu siku ya pili ya kilio. Wanawake walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka, mama katikati yao, hajala, hasemi, macho yamekauka. Yule mtu akasimama mlangoni, akaweka mikono kiunoni.

"Ni nani amenikulia mbuzi yangu?" akauliza. "Miaka yote ninamulinda, ananenepa, leo nakuya nakuta mifupa."

Bibi mmoja akacheka kwa pua. Yeye akaingia, akachukua buti za kazi za baba pale ukutani, akazivaa, akavaa na kofia ngumu, akaanza kutembea kama baba alivyotembea akitoka zamu: bega moja chini, mguu unaburuta kidogo. Akakohoa kama baba. Halafu akasema, "Boti ni kubwa, lakini kofia inanibana. Ule muntu alikuwa na kichwa kadogo, juu ya ile alikuwa anasahau kuninunulia bia."

Nilimchukia. Nasema wazi, kwa sababu baadaye nilimtetea na mtu anaweza kufikiri nilimwelewa tangu mwanzo. Nilitaka kumvua zile buti kwa nguvu. Lakini akainama kwa mama, akamwambia kwa sauti ya siri ambayo watu wote waliisikia, "Mama, usilie nguvu. Utamuamusha. Unamuyua na usingizi yake."

Na mama akacheka. Alicheka, na kicheko kikageuka kilio, kilio kikubwa ambacho hakuwa amekitoa tangu hospitali, na wanawake wakamshika. Jioni ile alikula bukari, ugali wetu, matonge mawili matatu, pamoja na mboga ya lengalenga.

Siku ya maziko yule mtani alilala njiani mbele ya jeneza. "Hapiti," alisema. "Mbuzi hapitake kwa nyumba ya chui bila kuacha mukia." Ilibidi wajomba wampe kuku ili anyanyuke. Alinyanyuka. Na tulipofika kaburini akavua shati, akachukua sepetu, akafukia. Wengine walitaka kumpokea, akakataa. Alifukia mpaka mwisho, mgongo wake unang'aa kwa jasho, na wakati wa kufukia hakusema utani hata mmoja. Nilimwona uso. Siwezi kuueleza ule uso, na sitajaribu.

Miezi michache baadaye, karibu na mwisho wa mwaka wa shule, ndipo mwalimu akatuletea hadithi.

Alikuwa kijana, ametoka chuo kikuu cha Kasapa si zamani, abakosti yake, ile suti ya Chama isiyovaliwa tai, imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Mwenyewe alituambia amezaliwa upande wa Kasomeno, si mbali na Lukafu ya kwetu. Kumbukeni jambo hili. Kila asubuhi, kabla ya masomo, tulipanga mistari mbele ya bendera, tukaimba na kucheza ngoma ya kumsifu Kiongozi na Chama, na yeye ndiye aliyeongoza. Alikuwa mchezaji mzuri, sitamnyima haki yake. Baada ya kucheza alituhutubia, jasho linamtoka, kwamba tumerudia uhalisi wetu, kwamba mkoloni alitufundisha kuona haya kwa mambo ya mababu zetu na sasa haya hiyo imekwisha. Tulipiga makofi. Halafu tulikuwa tunaingia darasani na yeye anageuka mtu mwingine.

Hadithi ilikuwa fupi, ukurasa mmoja na nusu. Tuligawana karatasi moja watu watatu. Ilikuwa ya kijiji cha nchi ya baridi. Mwendesha mkokoteni wa farasi amekufa. Watu wamevaa nyeusi, wamekaa kimya, mvua inanyesha. Anafika mtu mmoja ambaye mwandishi hasemi ni nani. Anaingia, anakaa mezani bila kukaribishwa, anakunywa divai, anaanza kucheka. Analiambia jeneza, "Hatimaye umenyamaza, mpiga kelele wewe." Watu wanatazamana, lakini hakuna anayemtoa. Wanakwenda makaburini, naye anakwenda, anacheka njia nzima. Halafu inakuja ile sentensi. Nitaiandika kwa Kiswahili jinsi ninavyoikumbuka: "Pale shimoni yule mtu alivua koti lake, akachukua sepetu mikononi mwa mchimba kaburi, akafukia peke yake mpaka mwisho." Wanarudi nyumbani. Yule mtu anakaa tena mezani, na mjane anamjazia bilauri bila kumtazama. Imekwisha.

Swali la insha lilikuwa: Kwa nini mjane anamjazia bilauri?

Mwalimu alisema hilo ndilo swali la mwisho wa mwaka, kwamba alama zake zitabeba nusu ya Kifaransa. Halafu, kama alivyozoea, akatupa jibu kabla ya kutupa muda wa kufikiri. Aliandika ubaoni: mada, hatia. Kicheko ni kicheko cha mwuaji. Mjane ni mpenzi wake wa siri. Anamjazia bilauri kwa woga. Tulinakili. Nilimwuliza jirani yangu wa dawati, msichana aliyekuwa wa kwanza darasani karibu kila mwaka, jibu hilo limetoka wapi kwenye hadithi.

"Limetoka ubaoni," alinijibu. "Nakili, Madamu, usinicheleweshe."

Nadhani maelezo yale mwalimu mwenyewe alipewa na mwalimu wake, labda na mzungu, labda kwenye kitabu. Sijui. Nilichojua ni kwamba aliposoma hadithi kwa sauti, sentensi ya sepetu haikutoka mdomoni mwake. Mara ya kwanza nilidhani amekosea mstari. Akasoma mara ya pili, akairuka tena.

Niliandika insha nyumbani, kwenye meza ambayo baba alikuwa anawekea redio. Mama alikaa mlangoni akichambua matembele.

"Unaandika nini wakati yote hii?" aliuliza.

"Analyse, mama."

"Ya nini?"

"Ya kilio ya bazungu."

Akatafakari. "Bazungu banaliaka?"

"Mu hii hadisi, hapana sana."

Yule mtani wa baba alikuwa na mazoea ya kupita kwetu siku za Jumamosi. Alipita, akaegesha baiskeli, akaniona na kalamu. "Mwana ya mbuzi anaandika?" akasema. "Mbuzi anakulaka kartasi, haandikake." Nikamweleza hadithi, tangu mwanzo mpaka bilauri. Nilimweleza kwa moyo, nikidhani ataruka na kusema ndiyo, ule ni mtani. Nilikuwa tayari kuandika maneno yake.

Akajikuna shingo. "Anaweza kuwa alimuua kweli," alisema. "Bazungu habana na batani, beko na notere ya kugawa urithi."

"Lakini alifukia kaburi yeye mwenyewe, baba."

"Peke yake?"

"Peke yake. Mpaka mwisho."

Akabonyeza tairi la baiskeli kwa kidole. "Basi mugongo ilimuuma," alisema. "Na ule mama alimupa nini?"

"Divai."

"Na nyama?"

"Nyama haiko mu hadisi."

"Basi ule mama ni muchoyo. Andika ile." Akaenda zake akicheka, akamwacha mama anafuta machozi ya kicheko kwa mkono wenye majani.

Kwa hiyo hakuna aliyenipa jibu. Nililiandika mwenyewe. Niliandika kwamba yule mtu ni mtani wa marehemu, au ni kitu ambacho watu wa kijiji kile wanacho mahali pa utani na mwandishi hakukitaja jina. Niliandika kwamba watu hawakumtoa kwa sababu walijua kazi yake. Niliandika kwamba mjane hakumtazama kwa sababu angemtazama angelia, na kwamba bilauri ni malipo ya sepetu. Niliinakili sentensi yote, neno kwa neno, na kuipigia mstari chini. Nilieleza kwa ufupi namna watu wa kwetu wanavyozika. Buti za baba sikuzitaja. Sikutaka alama kwa sababu ya baba.

Nilijua nakwenda kinyume na ubao. Sikuwa mjinga. Lakini, na hapa ndipo mtu mzima anaweza kunicheka, niliamini ataipenda. Kila asubuhi alikuwa anatuambia turudi kwa mababu. Nilidhani nimerudi.

Siku ya kurudisha insha alianza na za juu, kama kawaida, akazigawa. Yangu akabaki nayo mkononi. Akapanda jukwaa la ubao, akasema, "Sasa tupumzike kidogo. Tusikilize habari za mbuzi na chui."

Akaisoma yote. Alisoma kwa sauti ya mwanakijiji, kwa Kifaransa kilichovunjwa makusudi, ingawa Kifaransa changu hakikuwa kimevunjika. Darasa lilicheka. Walicheka hata watoto ambao baba zao ni wa Chui, na walikuwa kwenye kilio chetu, na walikula kuku yule. Jirani yangu wa dawati hakucheka, alikuwa anatazama kidole chake. Mwalimu alipomaliza akaniita raia, kama Chama kilivyoagiza tuitane: "Citoyenne, hili ni somo la Kifaransa. Si matanga ya kijijini kwenu. Nje ya mada. Sifuri."

Mimi sikuwa mtu wa kusema darasani. Mpaka leo sijui nguvu ilitoka wapi. Nilisimama, nikasema, "Prof, uliruka sentensi."

"Niliruka nini?"

"Ya sepetu."

Akatazama karatasi yake ya hadithi. Nilimwona akiitafuta, na nilimwona akiiona. "Maelezo madogo," alisema. "Haibebi mada."

"Mwuaji anafukia kaburi peke yake kwa nini?"

Nilikuwa namtazama, naye alikuwa ananitazama, na kwa muda mfupi nilifikiri atacheka. Mtu wa Kasomeno. Nasema mbele ya yeyote: alijua. Hakuna aliyezaliwa upande ule asiyewahi kuona mtu anacheka kando ya shimo na kushika sepetu. Angekuwa mgeni, angekuwa mzungu, nisingekuwa na hasira hii, ningesema hajui. Lakini alijua, na alilifanya jambo analolijua kuwa kichekesho mbele ya watoto, ili tusidhani yeye ni mmoja wetu.

"Toka nje," alisema.

Nilipelekwa kwa prefe, mkuu wa shule. Huyu alikuwa mzee mpole, aliyekuja kumzika baba pia, amesimama nyuma na kofia mkononi. Alisoma insha yangu. Aliisoma yote, bila kuigiza sauti ya mtu. Halafu akaiweka mezani na kuilainisha kwa kiganja.

"Umeandika vizuri," alisema. "Lakini sifuri hii inakuangusha mwaka. Unajua habari ya nafasi yako?"

Nilisema najua.

"Nimezungumza na mwalimu. Jumatatu utaleta nyingine. Uandike alichoandika ubaoni. Atakupa alama ya kukuvusha, mambo yaishe."

Nikasema, "Baba prefe, mimi siamini alichoandika ubaoni."

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniumiza kuliko kicheko cha darasa. "Mwanangu," alisema, "hakuna anayekuomba uamini. Unaombwa kuandika."

Nimefikiri juu ya maneno hayo miaka mingi, na sijapata namna ya kuyasikia isiyonichoma. Mtu mwema aliyasema, kwa nia njema. Nchi nzima iliishi hivyo, tuseme kweli. Tulicheza bila kuamini, tukaimba bila kuamini, tukapiga makofi. Mtu hakuombwa moyo, aliombwa mdomo na miguu. Na mimi pia nilicheza kila asubuhi, sikuwa shujaa. Lakini kuandika nilidhani ni kitu kingine.

Mama nilimweleza siku ileile. Hakunikemea. Alikuwa anatwanga, akasimamisha mchi.

"Andika ile anataka," alisema. "Ni maneno tu. Baba yako alisema ndiyo shefu, ndiyo shefu, miaka yote, na hakukufwa na ile ndiyo. Alikufwa na kifua."

"Mama, banasema ule muntu ni muuaji."

"Ni muzungu ya mu kartasi. Anakuuma nini?"

Nilikuwa na hasira naye pia, ingawa hakustahili. Alikuwa sahihi kwamba yule mtu ni wa karatasi. Lakini mimi nilikuwa nimeona mgongo wenye jasho. Nikiandika kwamba anayecheka kwenye maziko ni adui wa marehemu, na kwamba sepetu lake ni maelezo madogo, basi ninaandika juu ya nani? Mama alikuwa amecheka, akalia, akala. Nilikuwepo. Sikuweza kumwambia hivyo, kwa sababu bado hatukuwa tunazungumza juu ya siku zile.

"Nitaandika," nilimwambia.

Akarudi kutwanga.

Na niliandika kweli. Jumapili baada ya misa nilikaa pale mezani, nikaandika mada, hatia. Nikaandika kicheko cha mwuaji. Nikafika kwenye mjane na woga, nikarudi kwenye hadithi kutafuta neno la kuthibitisha, kama tulivyofundishwa na mwalimu huyohuyo: usiseme kitu usichoweza kukionyesha kwa kidole. Sikulipata. Nikasoma tena. Nilichana ile karatasi, nikachukua nyingine, na iliyokwenda shuleni Jumatatu ilikuwa na mistari michache tu:

"Mwalimu wetu anasema mjane anaogopa. Nimesoma hadithi tena na sikukuta woga, nimekuta sepetu. Sijui kama watu wa nchi ile wana watani. Huenda nimekosea. Lakini mwandishi aliandika sepetu, na hakuna aliyemlazimisha."

Sikujiona jasiri.

Siku ya kutangaza matokeo wazazi walikaa kwenye viti uwanjani, mbele ya bendera. Kwanza tulicheza. Mwalimu aliongoza, na siku ile alikuwa na fimbo yenye usinga wa mkia, kama chifu. Halafu prefe akasoma majina ya waliopita, kuanzia juu. Kila mtoto alipoitwa, mama yake alimpaka unga kichwani, na unga ule ulipeperuka mpaka nguo za watu wote zikawa nyeupe kidogo. Mama alikuja na unga wake, umefungwa kwenye kona ya kitenge. Majina yakaisha. Prefe akakunja karatasi bila kutazama upande wetu. Mama alifungua kile kifundo, akaumimina unga chini, akakung'uta kitenge, akasimama. Njiani hakuniuliza kitu. Angeniuliza angepata jibu, na alikwisha kulijua.

Kwa siku kadhaa mama hakusema nami ila maneno ya kazi. Lete maji. Funga mlango. Sare yangu niliifua, nikaikunja, nikaiweka kitandani kwa sababu sikujua mahali pake pengine.

Yule mtani aliposikia, akaja. Haikuwa Jumamosi. Alisimama mlangoni kama siku ile, mikono kiunoni, akamtazama mama, akanitazama mimi.

"Ni nani tena amenikulia mbuzi?" akasema. "Hii nyumba iko na simba. Juzi mukubwa, leo mutoto."

Hakuna aliyecheka. Akaingia, akaiona sare pale kitandani, akaichukua, akajifunga sketi yangu ya buluu kiunoni juu ya suruali ya mafuta, akasimama wima mbele ya mama kama mwanafunzi anayesomewa hukumu. "Citoyenne," akajiambia mwenyewe kwa sauti ya puani, "umefwata mbuzi, umeacha ubao. Sifuri." Akajiinamia kwa heshima, akajipigia makofi.

Pembe ya mdomo wa mama ikatikisika. Akanyanyuka, akachukua kikombe cha bati, akachota munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kwenye mtungi, akamjazia mpaka ukingoni. Alimpa bila kumtazama.

Mimi nilitoka nje. Sikuweza kucheka, na sikutaka waone kwamba siwezi.

Asubuhi yake alirudi mapema. Nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga cherehani ya mkono, nzito, ya dada yake aliyekuwa amehamia Kasenga na kuiacha. Alikuwa ameisukuma tangu Katuba kwa miguu, kwa sababu tairi lisingebeba cherehani na mtu. Aliishusha peke yake. Nilitaka kumsaidia, akanisukuma kwa kiwiko. Aliiingiza, akaiweka kwenye meza ya redio, akapaka mafuta kila kitundu, akazungusha gurudumu mpaka likatoa sauti laini. Wakati wote ule hakusema utani hata mmoja. Alipomaliza akafuta mikono, akaenda kazini.

Cherehani ile imenilisha mpaka leo. Nimeshona sare za watoto wengi wa shule, pamoja na za shule ile, na sikuwahi kuwa mwalimu. Watu wananiambia Mungu alipanga. Mimi sijui Mungu alipanga nini. Najua mtu mmoja alisoma karatasi na kuruka mstari, mwingine aliisoma insha yangu yote na kunyamaza, na hakuna hata mmoja wao aliyekanyaga kwetu baadaye.

Yule mtengeneza baiskeli alikufa mimi nikiwa na watoto. Nilikwenda Katuba na buti za baba kwenye mfuko. Ukoo wangu ni wa mama, si wa Mbuzi, kwa haki kazi ile haikuwa yangu, na wenyewe wa Mbuzi walikuwa wamefika wengi. Hata hivyo nilizivaa mlangoni, mimi mpole, muosha sahani, nikasimama mbele ya wajane na watoto wake, na nikatafuta neno la kuchekesha. Halikuja. Nilisimama pale na buti kubwa, wanawake wananisubiri, uso unanichoma.

Kaburini niliomba sepetu. Walinipa.